Utando wa Filimbi ya Mti

Romanus aliielekeza filimbi ya mti kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja, akachungulia ndani kama askari anayekagua mtutu wa bunduki. Ndipo alipouona. Chini kidogo ya mdomo wa filimbi palikuwa na upenyo, mtupu, wenye ukingo uliochongwa.

"Utando uko wapi, dada?"

"Utando gani?" aliuliza Zena, mwenye duka, toka nyuma ya kaunta.

"Mimi nimekulia Mbamba Bay. Nimepuliza kibuyu cha ngoma ya mganda kabla sijaota ndevu. Tundu kama hili hufunikwa utando wa buibui, nao ndio unaotoa sauti. Wa hii mmeubandua."

Zena alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Na hizi za plastiki zote nimezibandua pia? Kazi ninayo!"

Romanus hakucheka. Tangu ruksa ya biashara huria ianze, maduka ya Songea yalijaa vitu vinavyong'aa nje na kufa ndani: redio zinazokuwa bubu kabla ya betri kwisha, viatu vinavyoogopa mvua. Lakini kilichomtia shaka zaidi ni ushauri wa Zena. Mfanyabiashara gani humwondoa mteja kwenye kitu cha bei?

"Anayeanza achukue hii ya plastiki," Zena alikuwa amemwambia. "Haipasuki, na pumzi mbovu inaivumilia. Hii kubwa yenye sauti nzito ni ya vidole vilivyokwishazoea, maana matundu yake yameachana. Ya mti ni ya fundi. Inataka kupashwa joto mkononi, inataka pumzi ya taratibu."

"Nani kakwambia mimi naanza?"

"Umeishika kama mchi, kaka'angu."

Bila shaka ile ya mti alikuwa akimtunzia Osmund. Jumatatu mwalimu mkuu wa shule mpya ya binafsi kule Mshangano angewasikiliza wao wawili, na mmoja angepewa kazi ya kufundisha muziki. Osmund alisomea noti seminari. Romanus alijifundisha mwenyewe, vibuyu na mashairi, na alikuwa amemwambia mwalimu mkuu, bila kupepesa macho, kuwa hakuna filimbi inayomshinda.

"Osmund amekuahidi nini?"

Kicheko cha Zena kilikatika. "Pima maneno yako. Mimi sihongwi, wallahi. Ipulize, basi. Ukiiweza, ichukue."

Romanus aliuziba upenyo kwa kidole, badala ya utando, akaivumishia filimbi sauti yake kama alivyovumisha kibuyuni. Mti ulinyamaza. Kilichotoka ni sauti yake mwenyewe, imesongwa, kama ya mtu anayeugulia ndani ya pipa. Akarudia, mishipa ya shingo ikamsimama. Safari hii Zena hakucheka, na hilo lilimchoma kuliko kicheko.

"Usiimbe," alisema Zena kwa upole. "Puliza. Na hilo tundu liache wazi."

Kama ulikuwa mtego, aliwaza Romanus, ulikuwa mtego wa kumrudisha darasani na watoto. Hata hivyo akaichukua ile ya plastiki. Akaipuliza kama anayewasha moto wa kuni mbichi, ikapiga ukelele. Akapunguza pumzi, akapunguza tena, mpaka akawa kama hapumui. Ikatoka sauti moja nyembamba, iliyonyooka, nywele za shingo zikamsisimka. Sauti ile haikujua mganda. Haikumjua yeye.

"Hamjambo humu?"

Osmund alikuwa mlangoni. Macho yake yalikwenda kwenye filimbi ya mti, kisha kwa Romanus. Plastiki ile ingeweza kufichwa mgongoni. Romanus hakuificha.

"Mwalimu," alisema, neno ambalo hajapata kumpa, "hiki kidole gumba hukaa wapi?"

Osmund alimtazama Zena, akageuka kutazama barabarani, kama anayewatafuta waliojificha ili wamcheke.

"Unataka nini, Romanus?"

"Nimeuliza kidole."

Hatimaye Osmund aliupeleka mkono wake polepole kwenye kidole gumba cha Romanus, kama anayegusa sufuria asiyojua kama imetoka motoni.