Video Iliyoganda Kabla ya Kona

Kila asubuhi, kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza, Faustin Kasika alimtazama mke wake akiondoka.

Alimtazama kwenye kompyuta. Video yenyewe ilikuwa ya dakika moja na ushei: barabara ya kijiji chao, Mushaki, ukungu, ng'ombe wawili wamelala kando, na Kavuo amejitwika furushi la vitenge, anapanda kuelekea kona ya kwenda Masisi hadi Walikale. Anapiga hatua kumi, kumi na moja. Halafu picha inaganda. Mguu mmoja uko hewani, upindo wa kitenge umepulizwa na upepo, na Kavuo anabaki hapo, si wa kwenda si wa kurudi, huku sauti ya upepo ikiendelea peke yake. Mashine inapopata pumzi tena, barabara ni tupu.

Kati ya mguu ule na barabara ile tupu kulikuwa na jambo ambalo Faustin alilitaka kuliko chakula. Je, kabla ya kona Kavuo aligeuka? Alikuwa ameapa moyoni: kama aligeuka, nafunga duka namfuata Walikale. Kama hakugeuka, basi, aliyekwenda amekwenda. Na miaka miwili ilikuwa imepita juu ya kiapo hicho.

Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, nambari ya simu ya mke wake anaijua kwa moyo, anangoja mashine imwambie kama anapendwa. Tumcheke kidogo, anastahili. Lakini kiburi ni maradhi kama maradhi mengine, na Faustin alikiugua kimyakimya, huku akichapa barua za watu na kuwatolea fotokopi katika kiduka chake chenye paneli mbili za jua juu ya bati.

Mtauliza: si ni yeye aliyeipiga hiyo video, mbona hakuona? Hakuona kwa sababu alikuwa akilia. Walikuwa wamebishana siku tatu. Kavuo, mwana wa wafanyabiashara wa Butembo, alitaka wahamie Walikale wafungue duka la vitenge. Faustin hakutaka kuliacha shamba la maharagwe la baba yake. Siku ya nne Kavuo akafunga furushi. Faustin akatoka nyuma yake na simu mkononi, akaiinua mbele ya uso ili majirani wasione macho yake, na macho yenyewe akayateremsha kwenye matope. Alipoyainua, ukungu ulikuwa umeshafunga barabara. Simu ile baadaye ilitumbukia mtoni kabla hajathubutu kuitazama video ndani yake, lakini video ilikuwa imekwisha kuingizwa kwenye kompyuta.

Kwa nini hakumwita? Kwa kina Kasika, msafiri haitwi kutoka nyuma, na msafiri mwenyewe hageuki. Ukimwita, umemkatia njia. Akigeuka, ameacha bahati yake barabarani. Kavuo hakuzaliwa na mwiko huo. Alifundishwa na mama mkwe wake mwaka wa kwanza wa ndoa, akaushika kuliko waliozaliwa nao. Ndiyo maana kugeuka kwake kungekuwa na uzito. Mtu havunji mwiko bure.

Shida, basi, ilikuwa mashine. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya zamani, ya zile zinazotoka kiwandani zimeshafungwa kila kitu, iliyotumika kwanza katika ofisi fulani ya Ulaya na kufika Goma ndani ya kontena. Kwa barua haikuwa na neno. Kwa video nzito kama ile, prosesa yake, ile chipu inayofikiri kwa niaba ya mashine nzima, ilikuwa mzee anayepandishwa mlima kwa mbio. Faustin alijaribu kuipunguza video uzito. Mashine ikapata moto, ikazima. Mwishowe akampigia Katembo, muuza kompyuta za mitumba wa Goma. Katembo huyo ni kaka yake Kavuo, na Faustin alijifanya hilo halihusiani.

"Prosesa ya nguvu?" Katembo akauliza. "Ya kazi gani, shemeji? Kuandika barua haiombake nguvu vile."

"Ni ya kazi tu."

"Kazi gani?"

"Kuko video moja inakatakata."

"Basi unitumie ile video, niiangalie huku kwangu. Niko na mashine ya nguvu."

"Hapana," Faustin akasema, upesi mno.

Katembo akaacha kuuliza. Sauti yake ikawa ya muuzaji tena. Akatuma prosesa nzuri, mpya kuliko zote alizokuwa nazo, kwa sababu kwao Butembo mtu hamtumii shemeji yake kitu cha zamani. Ndayambaje, dereva wa lori la viazi, akaileta ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa pamba. Faustin akafungua kompyuta, akaiondoa feni, akaiinua prosesa ya zamani kwa kucha mbili. Ile mpya haikukaa. Vipengo vya pembeni havikulingana na vya soketi, kile kiti cha prosesa, na ungeilazimisha ungevunja vijisindano mia kadhaa kwa mkupuo mmoja.

"Ni kosa yangu," Katembo akasema kwenye simu. "Niliangalia upya yake, sikuangalia mashine. Sasa usome namba yenye kuandikwa ndani, kwa carte mère. Hapana ile ya inje ya sanduku. Ya inje inaweza kukudanganya."

Faustin akapangusa vumbi la ubao mkuu kwa brashi ya rangi, akasoma herufi na tarakimu mojamoja, akiinama mle ndani kwa tochi. Kulikuwa kumetulia mle. Safu za vyuma vidogo zilimkumbusha matuta ya maharagwe yakitazamwa kutoka juu kilimani, na akajikuta akitafuta mtu mwenye furushi kati yao.

"Sawa," Katembo akasema. "Hiyo soketi inakubali prosesa ya wakati yake tu, na ya kidogo nyuma yake. Na isiwe ya kula umeme mingi, sababu feni yako iko kadogo na unatumia jua. Niko nayo moja, ya viini vine, inafanya kazi ine pamoja. Itaingia. Lakini mashine haitaijua."

"Namna gani haitaijua?"

"Mashine iko na programu kadogo ya kuiamusha. Ile programu ni ya zamani, haijasikia jina ya hiyo prosesa. Utarudisha kwanza prosesa ya zamani, utie programu mpya, kisha njo uweke ingine. Nitakutumia kwa flash. Lakini umeme usikatike katikati, shemeji. Ukikatika, mashine imekufa."

Prosesa ikaja ndani ya kopo lilelile. Na pamoja nayo ukaja ukungu.

Siku tisa jua halikuonekana Mushaki. Paneli zililala juu ya bati zimelowa, betri zikabaki na nguvu ya taa moja, na Faustin hakuthubutu. Wateja aliwaambia warudi kesho. Alikaa mlangoni akiangalia barabara inayoanza na kuishia hatua ishirini mbele yake. Ng'ombe walitoka katika weupe ule na kuingia tena bila miguu, wakielea. Kengele zao zilisikika kutoka pande zote. Mara kadhaa alimwona Kavuo mle ndani, anapanda, mguu hewani, na kila mara Faustin alisinzia kabla mguu haujashuka. Katika ndoto moja Kavuo aligeuka, na hakuwa na uso, alikuwa na kioo cha kompyuta. Katika nyingine hakugeuka, na Faustin akaamka, akauchukia ukungu, na mashine, na zaidi ya vyote akajichukia mwenyewe. Hapo ndipo alipojua kwamba kiapo chake kilikuwa cha uongo. Hata kama hakugeuka, alimtaka.

Siku ya kumi jua likatoka mapema, kali, bati likaanza kulia. Kufikia saa sita mchana betri zilijaa. Faustin akafunga mlango, akatia flash. Mstari mwembamba ukaanza kujaa kwenye kioo, polepole, na muda wote huo alisimama ameshika meza kwa mikono miwili, akiomba wingu lisipite. Mstari ukajaa. Mashine ikazima, ikajiwasha. Akaondoa prosesa ya zamani, akaiweka ile ya Katembo. Ikakaa yenyewe, kwa uzito wake tu. Akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, akarudisha feni, akabonyeza. Mlio mmoja mfupi. Kompyuta ikaamka.

Akafungua video.

Barabara. Ukungu. Ng'ombe wawili. Hatua kumi, kumi na moja. Mguu uliokuwa hewani ukashuka.

Kavuo akaendelea kutembea, laini, kama mtu aliye hai. Hatua sita nyingine, akafika karibu na kona. Akasimama.

Faustin akasogeza uso hadi pumzi yake ikatia doa kwenye kioo. Geuka, akasema moyoni. Kavuo hakugeuka. Lakini hakwenda pia. Alisimama tu, mgongo kwake, furushi kichwani, mkono mmoja umelishika. Ng'ombe mmoja akainuka, akavuka barabara nyuma yake, akapotea. Kavuo akabadilisha mguu. Bado amesimama. Alikuwa amefundishwa asigeuke, na alikuwa anangoja kuitwa na mtu aliyefundishwa asiite. Kwenye sauti ulikuwa upepo, na karibu kabisa, pumzi za mwanamume anayelia bila kusema neno. Mwishowe Kavuo akashika upindo wa kitenge, akajipangusa uso, akaingia kwenye kona.

Faustin hakuirudia. Alichukua simu.

"Allô?" Nyuma ya sauti ya Kavuo kulikuwa na kelele za soko la Walikale.

"Kavuo. Mbele ya kona ulisimama."

 Huko sokoni mtu aliulizia bei ya kitenge na hakujibiwa.

"Nilihesabu mpaka makumi mbili," Kavuo akasema. "Pole pole. Wewe ulikuwa nafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia chini. Nilikuwa nalia."

"Sikusikia."

"Nilijizuia usisikie."

Kavuo akamwambia mteja angoje.

"Nikuje?" Faustin akauliza.

"Barabara ya kutoka Masisi kuja huku iko mubaya sana siku hizi," akasema Kavuo. "Uvae mabote ya mpira."