Mfumaji wa Nyumba Yetu

Watoto walipotuchangia wiki moja ya mapumziko ufukweni, nilidhani nakuja kupumzika na mume wangu. Kumbe nilikuja kupumzika na mwavuli. Kila asubuhi nilishuka peke yangu, nikakaa kivulini, nikaitazama bahari mpaka tukachokana, na yeye kajifungia chumbani, ghorofa ya kwanza, anafuma.

Ndiyo, anafuma. Mume wangu ni muuza nyama. Sokoni wanamwita Shoka, na ukimkuta na aproni yake mbele ya paja la ng'ombe hutauliza kwa nini. Lakini jioni akishanawa mikono, mara mbili kwa sabuni na mara ya tatu kwa limau, hutoa uzi na ile sindano yake yenye ncha iliyopinda, na vile vidole vyake vinene vikafanya mambo ambayo mimi siwezi hata kuyaeleza. Alifundishwa na bibi yake. Kaka zake walimcheka mpaka akaapa kuwa hakuna mtu atakayemwona tena na uzi mkononi.

Kuacha kufuma hakuweza, basi akawa anajificha. Vitambaa vya makochi, vya meza, kofia za watoto wa majirani, vyote vilitoka nyumbani kwetu kwa jina langu. "Mama, sema ni wewe," alinibembeleza tangu tulipooana, nami nikasema. Mtaa mzima unanisifu. Nimevishwa kilemba cha ukoka miaka yote hii, na kinawasha. Mtu akiomba nimfundishe, kichwa kinaanza kuniuma hapo hapo.

Sasa binti yetu alikuwa na mimba ya kwanza, na Shoka alikuwa akimfumia mjukuu shali nyeupe. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Usiku tuliofika hotelini nilimwambia wazi, "Hii siitaki kwa jina langu. Huyu ni mjukuu wako wa kwanza. Sema mwenyewe."

Hakuinua hata macho. "Muuza nyama na shali? Nani ataniheshimu? Achana na hayo, Mama."

Niliumia, lakini nikanyamaza. Ukimsukuma Shoka, anakuwa mzito kama lile gogo lake la kukatia nyama.

Siku ya tatu mhudumu wa usafi alibisha hodi chumbani. Kwa hofu, Shoka akaisokomeza shali ndani ya kapu langu la ufukweni, pamoja na uzi na sindano. "Shuka nayo," akaninong'oneza. Nikashuka.

Chini ya mwavuli wa jirani walikaa wanawake wawili niliokuwa nawaona tangu tufike, kila mmoja na uzi mapajani. Mmoja alikuwa mkunga mstaafu, mwingine mwalimu wa hesabu. Hawakujuana kabla. Walikutana hapo hapo hotelini, mmoja akamwona mwenzake anafuma kando ya bwawa la kuogelea, na kufikia chakula cha jioni walikuwa wameshaanza kugombana kama ndugu. Nilipovuta taulo kutoka kwenye kapu, shali ikatoka nayo.

"Haa!" mkunga akaweka kazi yake chini. "Dada, hii umefuma wewe?"

Mdomo uliozoea jambo hauiulizi akili. "Mimi," nikasema.

Nyumbani mambo yangeishia hapo. Watu husifu, kisha wanakwenda kupika. Lakini hawa walikuwa likizoni, hawana pa kwenda, na uzi ndio ugonjwa wao. Wakasogeza viti. Mwalimu akavaa miwani.

"Huu ukingo," akasema. "Tuonyeshe. Polepole."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kitanzi cha kwanza. Nilishika sindano kama mtu anayekoroga uji. Nikaingiza, nikazungusha, nikavuta. Kitanzi kikaachia. Nikavuta tena nikirudishe, kikaachia cha pili, na cha tatu, na mstari mzima ukaanza kufumuka huku uzi unanirundikia mapajani.

"Usivute!"

Sauti ilitoka juu. Shoka alikuwa roshani, kavaa bukta na fulana, mikono kichwani. "Usivuteee! Weka kidole! Kidole!"

Kabla sijajua kidole nikiweke wapi, alikuwa ameshatoweka pale juu, na mara tukamwona anakuja mbio ufukweni, kitambi mbele, miguu peku, anarukaruka kwa moto wa mchanga. Hakumsalimia mtu. Alipiga magoti, akanipokonya shali, akaanza kuviokota vitanzi kimoja kimoja. Kila alipookoa kimoja, mkunga naye alishusha pumzi.

Mstari ulipotulia, ndipo akakumbuka alipo. Akainua macho. Wanawake wawili wanamtazama. Mhudumu mmoja amesimama na trei, naye anamtazama. Uso ukambadilika, nikajua kinachokuja: "Ni ya mke wangu." Nilitamani kumsemea, nikauma ulimi, nikajitia kutazama bahari.

Mkunga hakucheka. Aliuliza tu, fundi kwa fundi, "Shemeji, pale kwenye kona unaongeza vitanzi viwili au vitatu?"

Shoka akakohoa. "Vitatu," akasema hatimaye. "Ukiweka viwili kona inavuta. Inakunjamana."

"Nilikwambia!" mwalimu akamgeukia mkunga.

"Uliniambia vinne!"

"Nilisema vitatu au vinne."

"Mwalimu wa hesabu huyo, jamani!"

Wakashikana mashati kwa maneno, na mume wangu, mwenye heshima zake za kulinda, akakaa kitako mchangani ili awaamue.

Tangu siku ile chumbani aliingia kulala tu. Baada ya chai alikuwa wa kwanza kufika chini ya mwavuli, na kapu sasa analibeba mwenyewe. Walibadilishana nyuzi, wakafumua kazi za wenzao bila kuomba ruhusa, wakabishana juu ya mkono mzito na mkono mwepesi. "Mchana unakata, jioni unaunga," mkunga alimtania. "Hiyo ni toba, shemeji." Shoka alicheka mpaka akadondosha sindano. Mimi nilipewa kazi ya kukunja uzi, na hata hiyo nilisahihishwa. Nilifurahi, nasema kweli. Nimeishi na mtu huyu tangu ujana, na sikuwahi kumsikia akizungumza kazi ya mikono yake na watu wanaoielewa. Kumbe ana maneno mengi hivyo!

Siku ya mwisho shali ikakamilika. Mwalimu aliitandaza kwenye kiti, akaikagua kila upande, akakosa kosa, ikamuudhi kidogo.

"Binti yako anajua nani kaifuma?" mkunga akauliza.

Shoka akajikuna shingo. "Anajua mama yake ndiye mfumaji."

"Shemeji, mimi kazi yangu ilikuwa kupokea watoto. Mtoto umfunike wewe, halafu ashukuriwe mwingine?"

Alisema kwa upole, ila hakuondoa macho. Shoka aliikunja shali, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akanyoosha mkono. "Mama, nipe simu."

Alipiga hapo hapo, sauti tunaisikia wote. "Mwanangu, shali ya mtoto imekwisha. Nimeifuma mimi."

Binti yetu akaangua kicheko. "Baba na utani wako! Jua la huko limekupanda kichwani?"

Nilimwona analegea. Alikuwa anatafuta kicheko cha kujiokolea, na angekipata. Badala yake akanisukumia simu. "Muulize mama yako."

"Ni yeye," nikasema. "Na si shali tu. Ni vyote, tangu hujazaliwa. Mimi hata kushika sindano sijui, nina mashahidi hapa."

"Hajui kabisa!" mwalimu akapaza sauti.

Kicheko upande wa pili kikakatika.

"Hata lile sweta la bluu?" binti akauliza. "Lile la shule, nililokataa kulivua mpaka likatoboka viwiko?"

"Hata lile. Alikuwa analifuma ukishalala."

Shoka alikuwa ameinama, anapangusa mchanga kwenye shali isiyo na mchanga.

"Nilikushukuru wewe, Mama."

"Ulinishukuru mimi."

"Mpe Baba simu," akasema.

Nikampa.