Gauni Lililomnyoosha Binti wa Fundi

Fundi cherehani alifanya kosa moja kubwa maishani mwake, na kosa lenyewe lilikuwa kushona vizuri kupita kiasi.

Lilianza na sketi ya shule ya binti yake. Sketi ilianza kuning'inia upande mmoja. Mzazi mwingine angemtazama mtoto. Fundi alitazama sketi. Akalaumu mkasi, akalaumu kitambaa, akailaumu cherehani mpaka akaifungua na kuipaka mafuta, kisha akafumua pindo na kulishona upya. Baada ya miezi miwili pindo likashuka tena. Bega la kulia likapanda, yeye akatia pedi bega la kushoto. Kiuno kikaingia ndani, akakijaza sponji chini ya bitana. Kila mgongo ulipozidi kwenda kombo, nguo ilizidi kunyooka. Muuguzi wa shule alipopita kukagua wanafunzi, alimsifia binti kwa kusimama wima.

Aliyepasua jipu ni shangazi mtu, dada mkubwa wa Fundi, mpiga pasi wa pale dukani. Siku moja alimpelekea mtoto taulo bafuni, akatoka mbio mpaka kwenye meza ya kukatia.

"Wewe mdogo wangu, hivi unamvisha mtoto au unamficha?"

Ndipo picha ya eksirei ilipoonyesha uti wa mgongo uliojikunja kama nyoka anayeota jua. Daktari wa zahanati akawaeleza kwamba ipo dawa, ila si ya kumeza. Wapo madaktari bingwa wanaokuja hospitali kubwa wiki moja tu kwa mwaka. Huingiza skrubu kwenye pingili za mgongo, upande ule uliotokeza, na kuziunganisha kwa kamba imara. Kamba inazuia upande huo kukua, upande wa pili unaendelea, na mgongo unajinyoosha wenyewe mwaka hadi mwaka.

"Nimeelewa," Fundi alisema, uso ukimng'aa. "Unavuta uzi upande mmoja tu."

"Hivyo hivyo. Lakini ni kwa mtoto anayekua. Huyu ana miaka kumi na mitatu, na amebakiza kukua kidogo. Akikosa nafasi safari hii, mwakani mifupa itakuwa imekomaa. Itabaki kumfunga fimbo za chuma mgongo mzima, na hapo kuinama tusahau."

Binti alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete. Aliangalia viatu vyake njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa sikiliza Fundi alichofanya. Mtoto anakwenda kuonyeshwa kwa madaktari wakubwa, hospitali yenye vigae na milango ya vioo. Je, atakwenda na sketi ya shule? Alifunga duka siku tatu akamshonea gauni la bluu. Ni mkono wake ulioshona, kwa mazoea, kichwa kikiwa kwingine. Lilipokamilika, binti alijitazama kwenye kioo, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu siku ya eksirei. Shangazi alilipiga pasi huku akisonya, lakini alipoona kile kicheko akameza maneno yake.

Asubuhi ya siku yenyewe walikuta foleni imejaa ukumbi mzima. Mwanzoni mwa foleni palikuwa na meza, na nyuma ya meza palikuwa na Karani. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mtu wa mafaili. Koti lake lilikuwa na mabega mapana kuliko yeye, na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, kiasi kwamba Fundi alishindwa kulitazama bila kuumia.

Kazi ya Karani ilikuwa kuchuja. Watoto walikuwa wengi, nafasi zilikuwa sita, na wakubwa walimwambia apunguze. Hawakumwambia kwa kipimo gani, maana wakubwa hawana muda wa mambo madogo kama mgongo wa mtoto wa mtu. Basi Karani akatumia macho. Mtoto anasimama mbele ya meza; akionekana amepinda, anapita. Akionekana yuko sawa, anapigwa muhuri mwekundu.

"Sogea, binti. Geuka. Geuka tena." Karani akavua miwani, akaivaa. "Mzee, huyu amenyooka."

"Hajanyooka, bwana mkubwa. Hiyo ni kazi ya mikono yangu."

"Basi hongera, umeshamtibu."

Watu wa mbele wakacheka. Fundi akatoa bahasha. "Picha yake hii hapa."

"Ya lini?"

"Miezi saba iliyopita."

"Inatakiwa isizidi sita. Kapige mpya."

"Wapi?"

"Chumba namba tisa."

"Wanapokea?"

"Wanapokea waliopita hapa."

Shangazi alikuwa amevumilia mpaka hapo. Mwanamke yule alikuwa hasahau kitu; alikumbuka hata sura ya mtu aliyemnyima fomu ya kuanza shule, miaka arobaini na mitatu nyuma.

"Ngoja nikuelewe, mwanangu," alisema kwa upole wa kutisha. "Ili apate picha, apite kwako. Ili apite kwako, awe na picha."

"Au apinde, mama."

"Apinde! Mmesikia jamani? Mtoto anaambiwa hajaumwa vya kutosha! Mwaka ule mlimrudisha marehemu mume wangu kwa sababu kikohozi chake hakikusikika mlangoni!"

"Mimi mwaka ule nilikuwa sijazaliwa, mama."

"Meza ilikuwepo!"

Karani akanyanyua muhuri. Fundi aliona wino mwekundu ukining'inia juu ya karatasi ya mwanawe, na kwa mara ya kwanza akailaani mikono yake mwenyewe. Njia ya kumfanya apite aliijua. Mkasi mdogo ulikuwa mfukoni mwa shati, hatembei bila huo. Lakini pale ukumbini walikuwepo watu zaidi ya mia, na wavulana wa rika la binti yake. Gauni lile ndilo lililomfanya acheke mbele ya kioo.

Akainama sikioni mwake. "Mama," alisema, maana binti alirithi jina la bibi yake, "nisipofumua, tunarudi nyumbani. Nikifumua, watakuona. Sema wewe."

Binti aliutazama muhuri. Akawatazama wale wavulana. Machozi yalimlengalenga, akajikaza.

"Fumua, baba. Lakini fumua haraka, na wewe shangazi usipige kelele."

"Mimi? Mimi napigaga kelele?" shangazi alipiga kelele.

Fundi akaanza kazi. Alipitisha mkasi kwenye mshono wa bega, kwa ndani, akachomoa pedi, akaiweka mezani juu ya mafaili. Halafu ya pili, iliyokuwa chini ya ile ya kwanza.

"Mbili!" mtu wa foleni akahesabu.

Likatoka sponji la kiunoni. Likatoka la nyonga. Ukatoka utepe mgumu uliokuwa umeshikilia ukosi. Ukumbi ukawa unahesabu kwa pamoja, na ilipofika saba mama mmoja mnene akauliza, "Fundi, duka lako liko wapi?"

Kila kilipotoka kitu, gauni lilishuka kushoto na kupanda kulia. Vifungo vilivyokuwa vimepanga mstari vilikwenda mshazari. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote, na aliiharibu mbele ya watu kama anayejinyoa nusu kichwa. Alipomaliza, nguo ilikuwa inaning'inia kama imeanikwa. Ndani yake alisimama binti yake mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Karani akatoa macho. "Mbona... alikuwa..."

"Bado," alisema binti. Akampa kisogo, akaunganisha viganja na kuinama mbele mpaka vidole vikagusa vigae. Nundu ya mbavu ikajitokeza upande wa kulia wa mgongo, wazi kama goti ndani ya shuka. Alikuwa amefanya hivyo zahanati, akaambiwa ndicho kipimo cha kweli.

Kijana mmoja aliyekwisha pigwa muhuri mwekundu, mrefu, ndani ya sweta pana la kaka yake, alitazama, naye akainama. Nundu. Binti mwingine akainama. Shangazi alishindwa kujizuia.

"Inameni wote! Kama ofisi haina kipimo, kipimo hiki hapa!"

Ukumbi mzima ukainama. Wakainama wagonjwa na waliowasindikiza, akainama yule mama mnene ambaye alikuja kumwona daktari wa meno. Mlango wa kioo ukafunguka, daktari bingwa akatoka kuuliza kelele za nini, akalakiwa na makalio mia moja.

Alisimama kidogo. Kisha akaanza kutembea katikati ya migongo, akigusa mmoja mmoja. "Huyu. Huyu. Wewe mama simama, utaumia. Huyu." Alifika mezani, akaona lundo la sponji, akamwona binti wa gauni la bluu, akapitisha kidole kwenye mbavu zake. "Nani amempiga huyu muhuri?"

"Haujamgusa bado," Karani alisema, akiuficha chini ya meza.

Eksirei mpya ilionyesha digrii arobaini na nane, na picha ya kiganja ilionyesha mifupa haijafunga. Ana mwaka mmoja wa kukua, labda na nusu. Daktari hakutia chumvi: kamba zinaweza kukatika, anaweza kurudi chumba cha upasuaji mara ya pili, na mgongo hautakuwa rula. Lakini atainama. Nafasi ya nne ikaandikwa, Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Fundi alishika kalamu ya kutia saini, akaishusha kwanza.

"Dokta, hiyo kamba mnakaza kiasi gani? Ukikaza sana kitambaa kinageukia upande wa pili."

Daktari alimtazama kwa makini. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mzee. Umesomea wapi?"

"Kwenye mgongo wa huyu," Fundi alisema. "Nilifeli."

"Baba, saini," alisema binti. "Watu wanasubiri."