Krismasi ya Wawili

Bi Fusae alikuwa mwanamke wa mipango. Kuku wa kukaanga wa Krismasi alishaagiza tangu Novemba, kwa sababu pale Morioka, Japani, anayengoja Desemba hula kwa macho. Keki nyeupe ya krimu na stroberi aliichagua mwenyewe, ile ndogo kabisa, ya watu wawili. Akaning'iniza taa za rangi dirishani, akazima, akawasha, akaridhika.

Yote hayo kwa ajili ya mkwe. Chinatsu, binti yake wa pekee, aliolewa Halifax, Kanada, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumleta mumewe Owen nyumbani. Bi Fusae alishajiambia wazi: huyu kijana asipofurahia kwetu, safari nyingine hataitaka, na mwanangu nitaishia kumwona kwenye simu. Tena alimpenda, basi tu. Owen alikuwa jitu refu lenye haya, anayegonga kichwa kila mlangoni kisha anauomba mlango radhi.

Mkesha wa Krismasi, giza lilipoanza kuingia, akapanga sahani mbili mezani na kuvaa koti.

"Mama, unakwenda wapi na theluji hii?" Chinatsu akauliza.

"Kwa Toshie. Ananihitaji."

"Leo?"

"Leo ni usiku wa wapenzi, mwanangu. Mimi nikae katikati yenu kama nguzo?"

Akatoka kabla Owen hajapata la kusema. Japani mkesha huo ni wa wapenzi, na kwa adabu alizolelewa nazo, hakuna zawadi kubwa zaidi ambayo mzazi anaweza kuwapa vijana usiku huo kuliko kuwapisha. Ila rafiki yake Toshie hakumhitaji hata kidogo, alikuwa mji mwingine, Sendai, kwa wajukuu. Bi Fusae akaenda bafu la umma la mtaani, akaingia upande wa wanawake, akaoga, akajitumbukiza katika maji ya moto pamoja na vikongwe wenzake.

"Si una mgeni wewe?" akauliza jirani yake, Bi Yone, aliyezama hadi kidevuni.

"Nimewaachia nyumba."

"Umefanya la maana. Mbona basi una uso wa aliyefukuzwa?"

Bi Fusae akajimwagia maji usoni. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke, na stroberi anazipenda mno.

Mara mlango ukasukumwa, Chinatsu akaingia, taulo mkononi, amefura.

"Mama! Kwa Toshie ndiko huku? Nimempigia simu, yuko Sendai, nikajua utakuwa hapa."

"Mmegombana?"

"Tugombane nini! Owen hajagusa hata paja la kuku. Ameketi anaitazama keki, anauliza amekukosea nini. Kwao Krismasi ni ya familia nzima, Mama. Mzazi akiondoka nyumbani siku hiyo, ujue pana ugomvi. Amekuja Japani kwa ajili yako wewe!"

Bi Fusae akajishika mdomo. Kumbe amemkimbia mgeni aliyevuka bahari kuja kukaa naye!

"Jamani, mimi! Sasa yuko wapi?"

"Upande wa wanaume. Amesema harudi nyumbani bila wewe. Na mwakani anataka tuje mapema zaidi, tena ukae pale anapokuona."

Bi Yone akacheka mpaka maji yakamwagika.

Upande wa wanaume umetengwa kwa ukuta usiofika darini, na mtaa mzima unajua kazi ya ule uwazi wa juu: mume akimaliza kuoga humwita mkewe, watoke pamoja, asije mmoja akamngoja mwenzake kwenye baridi. Tangu mumewe azikwe, Bi Fusae huoga akisikia wenzake wakiitwa mmoja mmoja, kisha naye hutoka wakati wowote autakao.

"Mama!" Sauti nene, ya Kijapani cha kuokoteza, ikapita juu ya ukuta. "Mama Fusae! Natoka!"

Vikongwe wote wakamgeukia. Bi Fusae akainuka majini. Kisha akavuta pumzi, akaitika kwa sauti iliyotikisa bafu zima.

"Haya, mwanangu! Nami natoka!"