Tuta la Dubrava na Baraza la Pili

Siku Marlys Zelenka alipochaguliwa kwenda Kongresi, watu wa kijiji chake cha Dubrava walimpa pole.

Hawakuwa na nia mbaya. Huko Nebraska bunge la jimbo lina baraza moja tu, na kila aliyemo, hata kama maishani mwake hajawahi kuongoza kitu kikubwa kuliko ng'ombe, huitwa seneta. Marlys alikuwa seneta kwa miaka minane. Sasa alikuwa anakwenda Washington kukaa katika Baraza la Wawakilishi, mahali ambapo mtu huitwa mwakilishi, kama wale wanaopita milangoni wakiuza mafagio ya umeme.

"Wamekushusha cheo, maskini," bibi mmoja kanisani alimwambia, akimshikisha sinia la kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki vyenye plamu, kana kwamba yuko matangani. "Usikate tamaa lakini. Ukijitahidi, huenda wakakurudishia."

Marlys alicheka. Mwaka mmoja baadaye hakuwa anacheka.

Katika bunge la jimbo kila muswada husikilizwa. Ndiyo desturi, wala hakuna wa kuivunja. Mtu akitaka sheria ya kuwapa kuku likizo, atapangiwa siku, atapewa kiti, na wananchi watakuja kusema wanavyoona, wengine wakiwa bado na matope viatuni. Washington, Marlys alipeleka miswada kumi na mmoja. Yote iliingia kamatini, na kamati za Kongresi ni kama friza ya mama mkwe: kila kitu kinawekwa humo, na hakuna aliyewahi kuona kitu kikitoka.

Mmoja ndio uliokuwa ukimnyima raha. Ulikuwa na mistari mitatu. Tuta linalouzuia mto Elkhorn usiingie Dubrava lilijengwa zamani kwa msaada wa serikali kuu, hivyo hakuna ruhusa ya kuligusa hata kwa koleo bila kibali cha serikali kuu. Lilikuwa fupi na udongo wake umeoza. Mafuriko yaliyopita yalibeba nyumba kumi na moja. Kijiji kiliomba kibali cha kulitengeneza kwa udongo wake na mikono yake, na ombi hilo lilikuwa kwenye foleni mwaka wa sita sasa. Muswada wa Marlys ulisema tu: waruhusiwe.

Alisumbua watu mpaka wakawa wanamkimbia kwenye lifti. Hatimaye, Jumanne moja ya Februari, muswada ukaletwa ukumbini mbele ya wabunge tisa, wawili kati yao wakiwa usingizini. Mwenyekiti akasema, "Wanaokubali?" Watu wanne wakasema ndiyo. "Wanaokataa?" Mmoja wa waliolala akakoroma, lakini haikuhesabiwa. Umepita.

Marlys alitoka mbio hadi ukumbi wa nje, akampigia Norbert Pospisil, mwenyekiti wa kamati ya tuta, mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake na ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza nyuma ya tuta.

"Mzee Norbert! Umepita!"

"Acha mchezo, binti Zelenka."

"Nimeuona kwa macho yangu."

"Basi tuanze?"

"Anzeni hata leo," alisema Marlys, na machozi yakamtoka.

Siku ya tisa, Quentin Abernathy, mkuu wa ofisi yake, kijana wa Washington aliyevaa tai hata akiwa anakula tikiti maji, aliuliza kwa upole akiwa anapanga makaratasi:

"Mheshimiwa, Seneti wamesema wataushughulikia lini?"

"Seneti gani?"

Quentin aliacha kupanga makaratasi.

"Seneti, Mheshimiwa. Baraza la pili. Muswada ukipita kwetu unakwenda kwao, halafu kwa rais."

Marlys alimtazama. Alijua kuna Seneti, bila shaka. Alisomeshwa shule ya msingi, na maseneta wenyewe alikuwa akiwaona kwenye foleni ya supu. Lakini kwa miaka minane muswada ukipita ulikuwa umepita, unakwenda kwa gavana na watu wanakwenda nyumbani. Mguu uliozoea nyumba isiyo na ghorofa hautafuti ngazi.

"Quentin," alisema taratibu, "nipe simu."

Norbert aliipokea, na nyuma yake hakukusikika mashine hata moja.

"Mzee, simamisheni kazi."

"Tumeshasimama. Mkaguzi wa serikali amekuja asubuhi, kapigilia tangazo jekundu. Nikamwambia sheria imepita, akaniuliza imepita wapi. Nikamwambia bungeni. Akacheka, Marlys. Mkaguzi! Sikujua kama wana meno."

"Mmefika wapi?"

"Tumekata hatua thelathini, tukatoa ule udongo mbovu wote. Tulikuwa ndiyo tunaanza kujaza."

"Basi jazeni, haraka!"

"Tangazo linasema atakayegusa udongo tena, kuingiza au kutoa, atafungwa. Lavonne Hajek ameshaegesha tingatinga lake. Anasema leseni yake ndiyo inayolisha watoto wake." Norbert akageukia mto. "Barafu ya mtoni imeanza kulia, mwanangu. Jumamosi, Jumapili, itapasuka. Na sisi tumeifungulia mlango, tena tumeufagia."

Ilikuwa Jumatano.

Marlys alivuka jengo zima kwa miguu hadi upande wa Seneti, Quentin akimfuata nyuma na tai yake. Huko akaambiwa muswada ungeweza kupita hata kesho, bila mjadala, ila kuna seneta ameuzuia. Ni nani? Ni siri. Marlys alikaa kwenye benchi la korido akasema hatoki mpaka siri hiyo ichoke. Ilichukua saa ishirini na mbili, na usiku wake mlinzi mmoja alimhurumia akamletea mto.

Aliyezuia alikuwa Royce Haltom, seneta mzee kutoka jimbo lisilo na mto wa kumzamisha paka. Marlys alimkuta Alhamisi adhuhuri akila supu ya maharage.

"Mheshimiwa Seneta, kwa nini umezuia muswada wangu?"

"Mimi?" Haltom aliweka kijiko chini. "Bibiye, mimi hata sikujui. Jerome! Tumezuia muswada wa huyu mama?"

Msaidizi wake akatazama kompyuta. "Ndiyo, Mheshimiwa. Una neno 'mto'. Tunazuia yote yenye neno 'mto' tangu mwaka juzi, mpaka watujengee bwawa letu."

"Na huu unahusu bwawa letu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Umeusoma?"

"Una mistari mitatu, Mheshimiwa, kwa hiyo sikuona haja."

Haltom alijifuta mdomo kwa staha kubwa. "Uachie. Samahani sana, bibiye. Kaa ule supu."

"Utapigiwa kura leo?"

Seneta na msaidizi wake wakatazamana kwa namna ya watu wanaomsikia mgeni akiuliza duka la mitumbwi liko wapi jangwani.

"Leo ni Alhamisi, mama," alisema Jerome. "Seneti imefungwa saa tano. Watu wako uwanja wa ndege. Jumatatu jioni."

Marlys hakula supu. Alisema neno moja la Kicheki ambalo bibi yake alilitumia kwa nguruwe mkaidi, kisha naye akaenda uwanja wa ndege.

Alifika Dubrava Ijumaa alfajiri. Watu walikuwa wamesimama kwenye tuta kama waombolezaji, pande mbili za pengo, wamefumbata vikombe vya kahawa. Tangazo jekundu lilikuwa limepigiliwa kwenye mti. Kando yake lilikaa tingatinga la njano, na ndani yake Lavonne Hajek mwenyewe, mwanamke mnene mwenye kofia ya kufumwa, akifuma soksi.

"Karibu, Seneta," alisema mtu mmoja, na hakuna aliyecheka.

"Sikuwa na haki ya kuwaambia muanze," alisema Marlys. "Nilisahau kuna baraza la pili."

"Ulisahau!" alisema Norbert. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Mtu husahau miwani, Marlys! Wamekujengea ukumbi wenye kuba la chuma juu, na wewe hukuona kwamba nyumba ina upande wa pili?"

"Mzee, nitukane baadaye. Nitakuja mpaka kwako, utanitukana umekaa. Nani ana karatasi?"

Mtu akampa mgongo wa kalenda ya duka la mbegu. Simu ya Marlys ikaanza kulia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini, Norbert aliipokea akaiweka sauti ya juu.

"Mheshimiwa," ilisema sauti ya Quentin, "tafadhali usiandike chochote. Nimetayarisha taarifa. Inasema kulitokea hali ya kutoelewana kuhusu hatua za muswada, na pande zote—"

"Pande zote zipi, Quentin? Ni mimi niliyesema anzeni."

"Ukiandika hivyo watakupeleka kamati ya maadili. Unaweza kupoteza kiti."

"Kamati gani ile isiyotoa kitu? Nitakuwa salama." Akamwashiria Norbert akate simu.

Aliandika akiwa ameiegemeza karatasi kwenye mnyororo wa tingatinga: *Mimi, Marlys Zelenka, ndiye niliyewaambia watu wa Dubrava wakate tuta hili. Nilikosea. Leo nawaamuru walijaze, na hapa sikosei. Anayetaka kushtaki asisumbue mtu mwingine.* Akatia sahihi, akampa Lavonne.

Lavonne alisoma mara mbili. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na maneno.

"Hii sahihi ni yako, au ya wale vijana wako wa ofisini?"

"Yangu. Si unaona ilivyo mbaya."

Lavonne akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani pamoja na soksi. "Basi sogea, umesimama njiani kwangu."

Walijaza siku nzima ya Ijumaa na Jumamosi hadi saa kumi. Marlys alibeba viroba vya mchanga na akina mama wa kanisa, na Norbert, ambaye hakuwa na nia ya kusubiri mpaka akae, alimtukana tusi moja kwa kila kiroba. Saa kumi na moja Elkhorn ikapasuka kwa mlio kama lori likimwaga mabati. Vipande vya barafu vikubwa kama milango vikaja vikisukumana, vikapanda tuta, vikasaga udongo mpya, maji yakafika mpaka mkono mmoja kutoka juu. Hapo yakakaa usiku kucha, kama mgeni anayefikiria kuingia. Jumapili mchana yakaanza kushuka.

Jumatatu jioni Seneti iliupitisha muswada kwa sekunde kumi na mbili. Marlys hakuwapo. Alikuwa mjini, katika chumba kidogo chenye joto kali, mbele ya mkaguzi na fomu yake ya kurasa saba.

"Nani alitoa amri ya kukata?" aliuliza mkaguzi.

"Mimi."

"Na ya kujaza, baada ya tangazo?"

"Mimi."

"Na nani mwingine alihusika?"

"Hakuna."

"Watu mia mbili walionekana na makoleo, Mheshimiwa."

"Walikuwa wanatazama mto. Andika."

Mkaguzi akatafuta kalamu mezani, akafungua droo, akaifunga, akafungua nyingine, na Marlys, ambaye subira yake ilikuwa imebaki ya kujaza kijiko cha chai, akaivuta fomu upande wake na kuanza kuijaza mwenyewe.