Ndege Mwenye Nundu Bwawani

Kwa miaka ishirini na sita alitunza ndege waliokufa. Walijazwa pamba, wakafungwa lebo miguuni na kulazwa chali kwenye makabati ya stoo ya makumbusho. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wadudu hawawagusi. Wenzake walimwita Bibi Makabati, naye aliitika bila kinyongo.

Asubuhi moja shemeji yake, mume wa dada yake, alimtumia picha kwa simu. Shemeji alikuwa msoma vipimo kwenye bwawa la maji ya mji. Kila siku aliwasha boti, akaenda kwenye nguzo yenye mistari na kuandika maji yamefika wapi. Picha aliipiga kutoka juu ya ukuta wa bwawa, jua likimpiga usoni. Ilionyesha nguzo, ukungu, na kando ya nguzo kitu cheusi chenye shingo.

Punde simu ikalia.

"Shemeji, hebu tuamue. Mlinzi anasema ni dumu limekwama. Dada yako anasema nyoka. Mimi nikasema bata, wamenicheka mpaka basi."

"Dumu halina shingo."

"Si ndivyo nilivyowaambia. Kwa hiyo ni bata?"

"Nipe muda. Na wewe mkono ukiwa unatetemeka hivyo, picha waachie wapiga picha wa harusi."

Akaihamishia picha kwenye kompyuta. Alipoikuza ikavunjika vipandevipande. Akairudisha ndogo, akasogea nyuma hatua mbili, akaitazama macho nusu yamefumbwa.

Bata hukaa juu ya maji kama bakuli, mkia hewani. Huyu alikuwa amezama mpaka mbavuni, na mkia hakuwa nao wa kuonekana. Mnandi, yule ndege mweusi mla samaki, naye huzama hivyo, lakini akiogelea huinua mdomo kama mtu anayejidai. Huyu mdomo wake ulilala sambamba na maji, na mbele ya shingo paling'aa weupe. Kila mstari wa nguzo ulikuwa sentimita kumi. Shingo ilipita miwili. Na utosini, kama si ukungu uliomhadaa, zilisimama ncha mbili.

Alifungua kabati la nne, akavuta droo ya chini. Kibisi kishungi, ndege mzamiaji mwenye shungi la ncha mbili, alikuwa mmoja tu mle, manyoya yamefifia. Lebo ilisema alipatikana kwenye bwawa lile lile, mwaka ambao yeye alikuwa darasa la pili. Tangu hapo hakuna aliyeandika kwamba amemwona mwingine. Akamweka kando ya skrini. Kichwa kilikubali, shingo ikakubali. Mgongo ndio uliogoma: ndege wa kwenye picha alikuwa na nundu.

Aliitazama nundu ile mpaka chai ikapoa. Mwishowe akaazima darubini ya ofisi na kuaga.

Shemeji alimpokea ukutani kwa kiti cha plastiki. Walikaa saa nzima, maji yakiwa kimya, ukungu umeshaondoka.

"Labda kweli ni dumu," shemeji akasema.

"Nyamaza kidogo, shemeji."

Ndege alikuwa ametoka kwenye matete. Alikuja taratibu, shingo wima, shungi limesimama, manyoya ya rangi ya kutu mashavuni yamemzunguka kama ukosi. Nundu ilikuwepo pale pale mgongoni. Kisha ikafumuka. Kichwa kidogo chenye milia myeusi na myeupe kikachomoza katikati ya manyoya, kikafuatiwa na cha pili, na cha tatu.

Bibi Makabati aliikaza darubini machoni. Alijua kutoka vitabuni kwamba kibisi hubeba wanawe. Aliwahi hata kuwaeleza wageni. Lakini kujua kule hakukumwandaa kwa hili. Kibisi wa pili akaibuka majini, akajichomoa unyoya kifuani, akautumbukiza majini, akamlisha mtoto, kinga ya tumbo dhidi ya miiba ya samaki. Mtoto akaumeza, akajikunyata tena ndani ya mgongo wa mzazi kana kwamba dunia nzima iliishia hapo.

Akampa shemeji darubini. Shemeji akaegemeza viwiko magotini, akawafuata ndege taratibu.

"Miaka yote hii napita pale na boti," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Usipite tena kwa mashine."

"Nitapiga makasia."

Na alipiga kweli, wiki sita mfululizo. Wakubwa walipouliza mbona vipimo vinachelewa, aliwaambia mashine inapumzishwa. Bibi Makabati alikuja kila Jumamosi na dada yake, wakakaa ukutani bega kwa bega, wakinong'ona kama wako msibani. Siku moja mtoto mmoja aliteleza kutoka mgongoni, akaelea, akatazama chini, akazama. Dada mtu akamshika mkono. Walihesabu mpaka kumi na tisa ndipo mtoto akaibuka, mbali kabisa, peke yake, maji yakimchuruzika.