Zamu ya Wakoli

Jumapili ile nilitembea kutoka Soweto ya Kibera hadi Kabiro, Kawangware, kama kawaida, nikakuta mlango wa kaka yangu Wakoli una kufuli. Wakoli hakuwa mtu wa kufunga mlango Jumapili. Jirani yake Annet alikuwa akifua nje. Akapangusa povu mkononi, akanipa ufunguo.

"Kavoi amempeleka hospitali asubuhi," akasema. "Homa na tumbo. Hata viatu hakuweza kuvaa, ni Kavoi alimvalisha."

Kavoi alikuwa fundi wa viatu. Yeye na Wakoli walikodi kibanda kimoja pale steji ya 56, upande mmoja soli na gundi, upande wa pili redio zilizotolewa matumbo. Nilijua kwamba kama Kavoi amefunga kazi yake akambeba, basi si tumbo la kawaida.

Niliingia kuchukua blanketi ya kumpelekea. Juu ya mto palikuwa na gemu ya matofali, bado imewaka. Kwenye kona ya kioo chake kulikuwa na alama ndogo ya kikombe, ikizima na kuwaka. Alama hiyo huja ukisimamisha mchezo katikati. Wakoli alikuwa amesimamisha, akaenda hospitali. Huo ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na sita. Hakulala tena katika chumba hicho.

Nataka kueleza hizo gemu, kwa sababu watu wengi nikiwaambia wanafikiri nazungumzia zile za kuunganishwa na televisheni. Zake zilikuwa za kushika mkononi. Alikuwa nazo tatu, na zote alizinunua kwenye mitumba zikiwa zimekufa, akazifungua kwa bisibisi ya saa na kuzifufua. Ya kwanza ndiyo hiyo ya matofali, ambapo vipande vinashuka kutoka juu na wewe unavipanga. Mstari ukijaa bila pengo unatoweka. Ya pili ilikuwa ya kipa. Huyo kipa hakutembea. Picha yake ilizima kushoto ikatokea kulia, na mpira vilevile. Hiyo ilikuja ikitumia betri za saa, zile kama vifungo, na Wakoli akaona ni ghali. Akachomea waya mbili nyuma yake, akafunga kikopo cha betri ndogo za kawaida kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ilionekana kama mtu aliyebeba mzigo mgongoni. Ya tatu ilikuwa ya magari, na ililia kama mbu. Sauti yake haikuwa na mahali pa kuzimwa.

Gemu tatu, na betri mbili. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya kanisa kazi ya kwanza ilikuwa kuamua tunacheza ipi. Betri zikichoka tulizianika dirishani, zikipata jua zinarudisha nguvu kidogo, lakini hazikuwahi kuwa zaidi ya mbili nzima kwa wakati mmoja. Sheria ilikuwa kwamba anayechagua gemu hatangulii kucheza.

"Leo kipa," mimi husema.

"Kipa! Unapenda kipa kwa sababu matofali hayakupendi."

"Yananipenda. Ni mimi siyataki."

"Wacha, dada. Ukiona kile kipande kirefu kinashuka unaruka kama umeona landlodi anadai kodi."

Kavoi naye, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, husema, "Mimi nasema magari."

"Wewe Mkamba nani amekuuliza? Wewe ni mgeni."

"Mgeni na mkate nimeleta mimi? Sawa, nitaondoka nao."

"Keti, keti. Mkate si mgeni."

Lakini kuchagua hakukuwa mzaha mtupu. Ile ya matofali iliweka rekodi ndani, pointi za juu kabisa mtu alizowahi kupata, na rekodi hiyo iliishi mradi betri hazijatolewa. Ukiizima kwa swichi inakumbuka kila kitu, hata mchezo ulioachwa katikati. Ukitoa betri inasahau. Inarudi sifuri kama siku iliyotoka dukani. Kwa hiyo kucheza kipa kulikuwa ni kufuta kazi ya Wakoli, na yeye alilinda betri zake kama kuku anayelalia mayai. Mwaka ule tangu Pasaka tulikuwa tumecheza matofali peke yake.

Jumatatu nilimkuta wodini amelala kitanda kimoja na mzee mwingine, kichwa kwa miguu. Midomo ilikuwa imekauka. Daktari alikuwa amesema ni homa ya matumbo, na kwamba alichelewa kuja. Yeye ndiye aliyeanza.

"Gemu ulifanya nini?"

"Nimezima kwa swichi. Betri ziko ndani."

"Poa. Usizitoe." Akapumzika. "Kuna kishimo nimeacha upande wa kulia. Kinataka kile kirefu tu. Kikija, mistari minne inaenda mara moja."

"Na kisipokuja?"

"Kitakuja. Wewe usiguse. Hiyo zamu ni yangu, ukicheza nitajua."

"Utajuaje na uko huku?"

"Nasike, mimi nafungua redio za watu. Nitajua."

Yule mzee wa upande wa pili akacheka mpaka akakohoa. Jumatano alfajiri Wakoli akafariki.

Ijumaa tulikuwa tumekaa chumbani kwake Kabiro, sisi wachache tusioenda kazini: mimi, Kavoi, Annet, na Mjomba Mukhwana, ndugu wa mama. Baba yetu alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo mambo yote ya msiba yalikuwa juu ya mjomba. Alhamisi alikuwa amekwenda mjini kupeleka tangazo la kifo redioni, na lilikuwa lisomwe mchana huo baada ya habari.

Kwetu tangazo si la kuambia watu tu kwamba fulani amekufa. Wanasoma marehemu ni mtoto wa nani, ndugu wa nani, mpwa wa nani, binamu wa nani na nani, na kila aliyetajwa anajua amehesabiwa. Bibi alipofariki, waliomwandikia tangazo walimsahau Shangazi Nalianya wa Kitale. Shangazi alikaa kando ya redio, akasikia majina yote isipokuwa lake, akaizima. Hakuja mazishini. Alikaa miaka bila kukanyaga boma letu, na mtu pekee aliyekuwa akimtembelea huko Kitale ni Wakoli. Mjomba alitaka kusikia tangazo hili kwa masikio yake mwenyewe, ili kama kuna aliyeachwa arudi mjini liongezwe kabla ya kusomwa tena jioni.

Tatizo likawa redio. Stima ya ploti ile landlodi huiwasha jioni tu. Kwenye kibanda kulikuwa na redio za wateja, lakini nyingi zilikuwa zimefunguliwa. Iliyokuwa nzima ni ya Annet, ndogo ya mkononi, ambayo Wakoli alimaliza kuitengeneza siku moja kabla ya kuugua. Kavoi alikuwa ameileta. Haikuwa na betri.

"Nyumba ya fundi wa redio," Mjomba akasema, "na hakuna redio inayosema."

Tulijaribu zile betri kuukuu za dirishani. Jua lilikuwa halijatoka wiki nzima, na hazikutoa hata mkwaruzo. Annet akakimbia dukani, akarudi na betri mbili nene.

"Ndogo zimeisha, kuna hizi tu. Nimeuliza na kwa Wakarima, yule wa duka la kona. Hana pia."

Kavoi akazishika zile nene, akazigeuza. "Wakoli angeziunganisha na waya zikafanya," akasema. "Mimi ni wa viatu."

Milango mingine ya ploti ilikuwa na kufuli, watu wako kazini. Mjomba alitazama saa yake, kisha akaanza kutazama chumba: meza, kabati, kitanda. Nikaona macho yake yakifika kwenye gemu.

"Hiyo ya watoto inatumia nini?"

Akaichukua, akaigeuza, akakuta kifuniko cha nyuma. Ukucha wake ulikuwa umeshaingia pale.

"Mjomba, ngoja," nikasema.

"Ningoje nini? Habari zimeshaanza kusomwa."

Sikuwa na maneno ya kumweleza mtu mzima, katika nyumba ya matanga, kwamba ndani ya kile kidude kuna mchezo wa marehemu ambao haujaisha. Nilisema tu, "Ukitoa, itapotea."

"Nini itapotea?"

"Zamu ya Wakoli," Kavoi akasema. Akamweleza, polepole, rekodi ni nini, na kwamba Wakoli alisimamisha katikati siku alipopelekwa hospitali. "Alikuwa amesimama mlangoni ameishika, mzee. Nilimwambia wacha hiyo, twende. Akaiweka kwa mto."

Mjomba akasema kwa ukali, lakini si ukali wa kweli, "Na Nalianya je? Akiachwa tena? Mtoto aliyekuwa akimpelekea sukari anazikwa na yeye hayuko?"

Hapo niliona hakuna njia ya kuokoa vyote viwili. Wakoli alikuwa amenikataza kugusa. Lakini kama betri zingetolewa, mchezo ungekatwa tu, kama stima ya landlodi. Nilitaka uishe kama michezo inavyoisha, vipande vikifika juu.

"Habari zikiisha utachukua," nikasema. "Nipe nimalize."

"Unataka kucheza gemu? Sasa?"

"Namalizia."

Alinitazama, akatazama saa, akanipa.

Nilimnyooshea Kavoi kwanza, kwa sababu alinishinda kwa matofali. Akatikisa kichwa. "Cheza wewe. Wewe ni damu yake."

Nikawasha. Kikombe kikawa bado kinazima na kuwaka, na matofali yalikuwa pale alivyoyaacha, yamejaa kushoto, yamepanda mpaka karibu nusu ya kioo, na upande wa kulia kishimo chembamba kinachoshuka chini. Nikabonyeza, kikombe kikaondoka.

Kwa kasi aliyoifikia Wakoli mimi sikuwa nimewahi kucheza. Kikashuka kipande cha mraba, nikakiweka kushoto. Kikaja kilichopinda, kikakaa vibaya. Nilingoja kile kirefu. Mraba tena. Kilichopinda tena. Kavoi alikuwa amesimama nyuma yangu akisema, "Kushoto, kushoto, geuza, ah," kama alivyosema Jumapili zote, na Annet ambaye hakujua lolote kuhusu gemu akaanza naye kusema geuza. Matofali yalipanda. Ikafika mahali hapakuwa na pa kuweka kipande kingine ila juu ya kile kishimo, nikakiziba. Kipande kilichofuata kilikuwa kirefu.

"Ee, sasa ndiyo unakuja," Kavoi akakiambia.

Nikakilaza juu. Vikaja viwili vitatu vingine, na kioo kikajaa. Gemu ikalia ule mlio wake wa kumaliza. Nilisoma pointi kwa sauti. Zilikuwa nyingi kuliko rekodi iliyokaa tangu Pasaka, na karibu zote alikuwa amezipata yeye.

"Ni nyingi hizo?" Mjomba akauliza.

"Mzee, Kawangware hii hakuna mtu amezifikisha," Kavoi akasema.

"Haya. Lete betri."

Nilifungua kifuniko mwenyewe, nikazitoa. Kioo kikafifia, halafu kikawa kijivu. Mjomba akazitia kwenye redio ya Annet, akazungusha, na mtangazaji akawa anamalizia tangazo la mtu wa Machakos. La Wakoli lilikuwa la pili baada ya hilo. Mjomba aliinamisha kichwa, akikunja kidole kwa kila jina. Nilisikia langu, Nasike wa Kibera. Nilisikia ya watu nisiowajua vizuri. Lilipoisha, kidole kimoja cha Mjomba kilikuwa bado kimesimama.

"Wamemwacha," akasema. "Hapana. Ni mimi nimemwacha. Ni mimi niliandika." Alikuwa tayari anatafuta koti lake.

Alifika mjini kabla ya ofisi ya redio kufungwa, na jioni jina la Nalianya likasomwa, la kwanza kati ya mashangazi. Shangazi alikuja kwetu Bungoma siku moja kabla ya mazishi, akiwa na mkeka wake na debe la mahindi. Hakuzungumza na Mjomba siku ya kwanza. Siku ya pili alimwomba maji ya kunywa, na sisi wengine tukatoka nje tukawaacha.

Baada ya mazishi, watu wa ukoo walipogawana vitu vya Wakoli, vyombo vya kazi vilikwenda kwa binamu yetu wa Webuye, nguo kwa wadogo. Gemu hakuna aliyezitaka, nikazibeba zote tatu.

Huu ni mwaka wa tisini na tisa. Chumba cha Kabiro kina wapangaji wengine, na upande wa redio pale kibandani sasa kuna mtu wa kutengeneza saa. Kavoi huja Soweto Jumapili nyingine, si zote. Waya za ile ya kipa zilikatika na hatujapata wa kuzichomea, kwa hiyo tunacheza ya magari, ambayo jirani wamezoea kelele zake. Ile ya matofali nimeifunga kwa kitambaa ndani ya sanduku. Haina betri, kwa sababu betri zikikaa ndani bila kutumika huvuja.